Hapo Sijui

Judith alikuwa anasoma vizuri mno, bila kukwama, sauti imenyooka kama ya mtangazaji wa redio. Mwalimu Zuhura alisimama nyuma yake, akasikiliza, akaridhika. Kisha akatupa jicho kwenye kitabu. Kilikuwa kimegeuzwa, picha ya mbuzi ikiwa miguu juu.

Zuhura alimwita Abdulswamad, akamfungulia ukurasa mwingine kabisa. Mtoto akatazama karatasi, akaanza kwa furaha: "Babu ana mbuzi. Mbuzi wa babu ni mweupe." Ukurasa ule ulikuwa na habari za mvua.

Zuhura alikuwa amekwenda Ngerengere kuuguza mama yake. Wiki ile aliyokuwa hayupo, mwalimu mkuu Kasimiri aliingia mwenyewe darasa la kwanza akawakaririsha watoto ukurasa mmoja, asubuhi mpaka mchana, kwa sababu siku ya wazazi ilikuwa inakaribia.

"Shikamoo, mwalimu mkuu," Zuhura alisema ofisini. "Watoto wangu hawasomi. Wanaimba."

"Marahaba. Basi waimbe vizuri." Kasimiri hakuinua macho. "Wageni hawapandi mlima wote huu kuja kusikia watoto wakigugumiza."

Zuhura alirudi darasani damu ikimchemka. Akamkuta Judith ameinama, anafuta herufi moja kwa nguvu, anaandika, anafuta tena, mpaka karatasi ikatoboka.

"Judith, mbona unaichana karatasi?"

"Haijanyooka." Aliendelea kufuta. "Mwalimu mkuu kasema anayekosea anaiaibisha shule. Na baba kawaambia watu sokoni kwamba mimi ni wa kwanza."

Mtoto wa miaka sita. Zuhura alikwenda ubaoni, akashika chaki kwa mkono wa kushoto, akaandika jina lake. Herufi zikaenda upande kama zimelewa. Darasa zima likaangua kicheko.

"Mmeona? Kwa kushoto sijui," alisema. "Nimekufa?"

"Hapanaaa!"

"Sijui si dhambi. Ubaya ni kusema najua, wakati sijui. Mkikwama, semeni: hapo sijui. Halafu tunaendelea. Haya, semeni."

"Hapo sijui!" walipiga kelele, wakifurahi kama wameruhusiwa kutukana. Judith peke yake hakufungua mdomo.

Siku ya wazazi ilifika na ukungu wake. Wazazi walijaa kwenye mabenchi, wengine bado na udongo wa shambani kwenye viatu. Mbele alikaa mgeni wa heshima, mama mmoja mnene kutoka ofisi ya elimu ya kata, na karibu yake Emmanuel, baba yake Judith, mkulima wa karoti, amevaa shati la kanisani.

"Sasa darasa la kwanza watatusomea," Kasimiri alitangaza. "Mbuzi wa Babu."

Zuhura alisimama. Badala ya kugawa vitabu, aligeukia ubao akaandika: *Mama anachuma mchicha.*

"Unafanya nini, mwalimu?" Kasimiri alinong'ona kwa ukali.

"Nafundisha," alijibu, wala hakunong'ona. "Judith, njoo utusomee."

Mtoto alikuja akijivuta. Alitazama ubao, akamtazama baba yake, akatazama ubao tena.

"Ma-ma," alianza. "A-na-chu-ma." Akanyamaza. Ukimya ukarefuka mpaka mabenchi yakaanza kulia. Zuhura alijizuia kumsaidia.

"Hapo sijui," Judith alisema.

Emmanuel alisimama. "Sijui vipi? Nyumbani kila jioni unanisomea!"

"Nilikuwa sisomi, baba. Nilikuwa nakumbuka tu."

Minong'ono ikatanda. Kasimiri alimgeukia mgeni kwa tabasamu la kubandika. "Samahani, mama. Mwalimu huyu alikuwa na ruhusa, watoto wamerudi nyuma."

"Hawajarudi nyuma," Zuhura alisema. "Walikaririshwa ukurasa mmoja ili leo mpige makofi. Wanaosoma kweli ni wachache, na wengine wataweza wakipewa muda. Mkitaka watoto wasiokosea, mimi sina. Mkitaka wanaosoma, niachieni niwafundishe."

Mgeni alimgeukia Kasimiri. "Nitarudi kabla shule hazijafungwa," alisema. "Siku gani, sisemi."

Emmanuel alikuwa bado amesimama, uso umemwiva. Zuhura alidhani atamvuta mtoto waondoke. Lakini alipita katikati ya mabenchi mpaka ubaoni, akachuchumaa karibu na binti yake. "Neno gani linakusumbua?" aliuliza taratibu. Judith akaonyesha kwa kidole. Jirani mmoja akaanza kulitamka, Emmanuel akageuka: "Mwache! Atalipata mwenyewe." Hakulipata siku ile.

Jioni Kasimiri alimwambia Zuhura kwamba darasa la kwanza si lake tena. Atafundisha la nne.

"Sawa," alisema Zuhura. "Na hao nitawaambia hivyohivyo."

Jumatatu Kasimiri aliingia darasa la kwanza, akaandika sentensi mpya ubaoni, akamsimamisha Abdulswamad aisome.

"Hapo sijui, mwalimu," mtoto alijibu, kidevu juu.

"Na mimi sijui," akasema mwingine, kabla hajaulizwa.

Mwalimu mkuu alitazama vichwa vile vidogo, hakuna hata kimoja kilichoinama. "Nani mwingine?" alifoka. Mikono ikanyanyuka darasa zima, na wa Judith ukiwa wa mbele kabisa, umenyooka.