Oya ya Bibi Esteria

Mimi ndiye niliyempeleka yule msanii kwa Bibi Esteria, kwa miguu yangu mwenyewe, nimejifunga na kilemba kipya. Nalisema mapema, mtu asije akasema Safina anawasengenya wenzake halafu anajisahau.

Nina duka hapa Kitanga. Babu yangu alitoka pwani, ndiyo maana watu huku husema Kiswahili changu ni cha redioni, lakini Kiha nimekinyonya pamoja na maziwa. Basi barua ilipokuja kwamba kijiji chetu kitapokea msanii wa video kutoka Dar kwa miezi miwili, mtendaji wetu Longinus alinijia mimi moja kwa moja. "Safina, wewe utakuwa mratibu wa jamii." Weee! Mratibu! Nikapewa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, na nilikivaa hata nikienda kuchota maji.

Halafu likaja bango: MAKAZI YA WASANII KITANGA. Jamani, mtu wa Dar akisikia makazi anafikiria nyumba. Sisi tumekaa jirani na kambi ya Mtabila miaka na miaka. Tukisikia makazi, tunajua kuna watu wamefukuzwa kwao. Bango halijamaliza siku mbili, watu wakaanza kumiminika dukani kwa huruma. Wasanii wamefanya nini huko Dar? Wanakuja wangapi, na wana watoto wadogo? Ndihokubwayo, fundi baiskeli, yeye alitaka kujua kama watachimbiwa vyoo vyao au watabanana kwenye vya shule.

Akashuka mmoja tu. Lusajo, kijana wa miaka thelathini hivi, suruali imechanika magoti yote mawili. Hapo huruma ndiyo ikafurika.

Aliyemhurumia kuliko wote ni Bibi Esteria. Kesho yake asubuhi alimletea kikapu cha maharage na mkeka, akamshika mkono, akamwambia kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Pole, mwanangu. Utazoea. Mwaka wa kwanza ndio mgumu." Lusajo machozi yakamlenga. Bibi alipoondoka, Lusajo akanigeukia, "Umeona, dada Safina? Ameuelewa upweke wa msanii." Ningemwambiaje kwamba bibi anadhani amekimbia vita?

Na Bibi Esteria vita anavijua. Hapa kijijini sote tunajua, na hakuna anayesema, kwamba jina lake la kuzaliwa ni Ininahazwe na kwao ni Burundi. Alikaa Mtabila mpaka kambi ilipofungwa mwaka 2012. Wenzake walipopandishwa malori kurudishwa, yeye alitembea kwa miguu mpaka kwa marehemu Venanti wa hapa kijijini, naye Venanti akasema mbele ya watu wote, "Huyu ni dada yangu." Yakaisha. Toka siku hiyo ni dada wa Venanti, ana shamba, ana kuku, ana nafasi yake kanisani. Karatasi hana hata moja. Kwa hiyo hapigwi picha. Kwenye harusi akiona kamera anahamia jikoni, kamera ikifika jikoni anahamia shambani. Sura yake ikitembea huko duniani, siku moja atakuja mtu kuuliza huyu ni nani, na huo ndio utakuwa mwisho wa nyumba yake.

Lusajo alifanya kazi, nisimsingizie. Alimrekodi mbuzi wa Saady aliyefungwa kambani kwa dakika arobaini bila kusogea, yaani Lusajo ndiye hakusogea, mbuzi alijitahidi. Saady akadhani kuna mnunuzi, akamwogesha mbuzi. Alirekodi kivuli chake kwenye ukuta wa duka langu. Nilipomuuliza ni kazi gani hii, aliniambia yeye hapigi picha, yeye "anaisikiliza nafasi." Nikaitikia kwa kichwa kama ninayeelewa. Mratibu bwana!

Wiki ya sita akaja mbio. "Dada Safina, ule uso wa Bibi Esteria! Uso ule una bara zima ndani yake. Nipeleke."

Nikampeleka.

Tulimkuta uani akipiga maharage kwa fimbo. Lusajo akainua kamera. "Bibi, shikamoo. Naomba nikurekodi kidogo tu."

Bibi akaweka kiganja mbele ya uso. "Oya."

Lusajo akacheka kwa furaha. "Oya!"

Sasa elewa. Dar es Salaam, oya ni vijana wanavyoitana barabarani: oya mwanangu, oya vipi. Huku kwetu, Kiha na Kirundi sawasawa, oya ni hapana. Ndiyo hapana ya kwanza anayofundishwa mtoto akisogelea moto.

"Oya, oya," bibi akasema, akitikisa kichwa.

"Oya oya, bibi! Freshi kabisa!"

Akageuka kumpa mgongo. Msanii akazunguka. Akageuka tena. Msanii akazunguka tena, anahema, anasema, "Hii ni ngoma, bibi anacheza na mimi!" Ndipo bibi akaacha kugeuka, akaniangalia mimi. "Safina," akasema. "Oya."

Nilisikia. Masikio yangu ni mazima. Lakini asubuhi ile Lusajo alikuwa amenionyesha maandishi ya mwisho ya filamu, jina langu peke yake kwenye kioo cheusi: Mratibu wa Jamii, Safina. Nikajiambia ana video mia, atachagua mbuzi. Nikainamisha macho kwenye maharage, wala sikumtafsiria.

Siku ya maonyesho tuliziba madirisha ya darasa la saba kwa mashuka, saa tisa alasiri, joto la kukausha muhogo. Mgeni rasmi alikuwa mama Aneth, ofisa aliyehamishiwa huku kutoka Moshi mwaka jana, anayejua Kiha cha salamu tu, na nusu ya salamu zenyewe anakosea. Lusajo akawasha projekta, ukutani yakatokea maneno: OYA, FURAHA YA KUKUTANA.

Halafu uso wa Bibi Esteria, mkubwa kama ukuta wenyewe. Oya. Oya, oya. Lusajo alikuwa ameikata ile sauti, akairudia, akaiwekea ngoma. Dakika kumi na nne za mwanamke mzima anakataa, zimepigiwa ngoma! Mama Aneth akawa anapiga makofi kwa mdundo. Hakuna mwingine aliyepiga. Nikageuka nyuma. Bibi mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni. Alijifunika khanga kichwani, akatoka.

Taa zikawaka. Lusajo akasimama, mikono kifuani. "Ndugu zangu, mnaonaje? Niipeleke Dar, niiweke na mtandaoni, dunia nzima imwone bibi yetu?"

Darasa zima likalipuka. "OYA!"

"Oyaaa!" akajibu Lusajo, anang'aa.

"OYA! OYA!" Longinus alisimama juu ya dawati, mishipa imemtoka shingoni.

"Oyaaa!" akaitikia mama Aneth, ngumi juu. Lusajo akatoa simu kuturekodi. Akaniambia sikioni kwamba hapa ndipo filamu itakapoishia.

Nikavua kile kitambulisho. "Lusajo! Oya ni hapana."

"Nini?"

"Oya kwa huku ni hapana. Bibi alikuwa anakukataza tangu neno la kwanza. Na hawa wote wanakukataza. Hakuna mtu humu ndani anayekusalimia!"

Akakaa. Nikamwonea huruma, lakini kwa muda kidogo tu, maana macho yake yalianza kung'aa upya. "Hapana?" akasema polepole. "Dada, lakini hii ni kubwa zaidi. Nabadilisha jina. Naiita Kukataa."

Wallahi nilitaka kumzaba kibao. Nikajizuia. "Hebu niambie. Mama yako umeshamrekodi?"

"Mama? Hapendi."

"Ulijuaje?"

"Si alisema hapana."

"Ukafanyaje?"

"Nikaacha. Ni mama yangu…" Hapo akajisikia mwenyewe. Uso ukamshuka. Mbuzi akalia huko nje.

Hakubisha tena. Alifuta mbele yetu, kwenye kompyuta, kwenye kadi, kwenye simu, Longinus amesimama nyuma ya bega lake anauliza, "Na hiyo? Na hiyo nyingine?" Mama Aneth alilalamika kwamba sasa ripoti yake itakuwa na mbuzi peke yake.

Ilipofutika ya mwisho, mimi nikatoka mbio. Nilimkuta Bibi Esteria chumbani anafunga mzigo kwenye shuka: sufuria, blanketi, mbegu. "Bibi, imefutwa!" nikasema, pumzi haitoshi. "Yote. Nimeona kwa macho yangu. Haijaenda popote. Usiondoke."

Akauliza mara mbili kama ni kweli. Nikaapa. Akakaa kitandani, akafungua fundo la shuka taratibu, na mimi nikapiga magoti nimsaidie kutoa vyombo. Akanishika mkono, akauweka pembeni.

"Yule kijana hakujua," akasema. "Nilimwambia oya, hakujua. Wewe nilikuita kwa jina."

Nikaviacha vyombo sakafuni, nikatoka.

Hakuondoka, namshukuru Mungu. Ila sabuni yake sasa ananunua kwa Abdulrahmani, kule mwisho wa kijiji, na kufika kwa Abdulrahmani lazima apite mbele ya mlango wangu. Kila Jumamosi anapita. Ananiambia, "Mwakeye," kwa adabu zote, kama mtu anavyomsalimia mgeni.