Kofia ya Dada Odessa

Kutoka ngazi za nyuma za nyumba aliyopanga, Verlene Tolbert aliuona mto Chattahoochee, na ng'ambo aliuona mnara wa kanisa ambako bintiye Renita angesema shairi lake la kwanza la Pasaka. Upande huu Alabama, upande ule Georgia, katikati daraja ambalo mtu hulivuka kabla sigara yake haijaisha. Verlene alikatazwa kulivuka. Akikamatwa upande ule, anarudi ndani.

Kosa lake lilikuwa kuendesha gari bila bima, na faini yenyewe alishailipa zamani. Kilichobaki ni ada ya mahakama, ada ya msimamizi wa kifungo cha nje, na ada ya kuchelewesha ada. Kila mwezi alipeleka alichobakiza kwenye mshahara wa kiwanda cha kuku, na kila mwezi deni lilimkodolea macho vilevile. Mpaka liishe, asitoke ndani ya jimbo. Aliyeitunga sheria hiyo hana mtoto ng'ambo, hilo halina ubishi.

Renita alikaa kwa Mama Eula, mama wa baba yake, tangu Verlene alipowekwa ndani kwa kushindwa kulipa. Mama Eula aliapa kwamba mtoto havuki mto mpaka mama yake amalizane na mahakama. Basi wakabaki na simu tu. Jioni Verlene aliketi sakafuni jikoni, waya wa simu umenyooka kutoka ukutani, wakafanya mazoezi.

"Mimi ni mdogo, na sauti ni ndogo," Renita alianza mbiombio. "Lakini leo nina neno kubwa." Kimya.

"Jiwe..."

"Usiniambie, Mama! Najua." Kimya tena. "Haya, niambie."

"Jiwe zito limeviringika."

"Jiwe zito limeviringika, Yesu wangu yu hai! Utakuja, eti? Utakaa mbele?"

"Nitakaa mbele, kipenzi."

Alilisema kwa kutamani, maana ruhusa hakuwa nayo. Alhamisi kabla ya Pasaka ndiyo angesimama mbele ya hakimu, aeleze kwamba hana uwezo, aombe asamehewe ada zilizobaki, au angalau aruhusiwe kuvuka siku moja tu.

Sasa, watu wa kanisa la Verlene hawaendi mahakamani kama wanaokwenda kununua mkate. Wanavaa. Mama zao walivaa nguo za Jumapili hata siku walipokwenda kujiandikisha kupiga kura huku wakitemewa mate na Wazungu. Kwa hiyo Jumatano Dada Odessa Pruitt alifika na boksi la kofia, na Dada Wilhelmina akaja nyuma yake na koti la buluu lenye vifungo vya fedha. Kofia ilikuwa ya manjano, pana kama sinia, na utepe juu yake ungetosha kufungia ng'ombe.

"Dada, hii si imezidi?" Verlene aliuliza mbele ya kioo.

"Imezidi nini? Hakimu akuone mtu! Ukienda na hiyo sweta yako atadhani umekuja kufagia."

Hakimu Stallings aliitazama kofia kwa muda mrefu kuliko alivyozitazama stakabadhi za mshahara.

"Bibi Tolbert, unasema huna uwezo."

"Sina, Mheshimiwa."

"Mke wangu ananiomba kofia kama hiyo kila Pasaka," alisema hakimu. "Na mimi namwambia hatuna hela."

Watu wakacheka. Verlene angesema ni ya kuazima, lakini Dada Odessa alikuwa ameketi nyuma yake, na kumvua mtu heshima aliyokuvika si jambo jepesi. Kabla hajaamua, alisikia benchi likilia.

"Mheshimiwa, hiyo kofia ni yangu mimi."

"Keti, mama."

"Na koti ni langu," Dada Wilhelmina naye akasimama. "Na viatu ni vya binti yangu, na vinambana. Mwangalie anavyosimama!"

Nyundo ikagongwa. Hakimu, masikio yamekuwa mekundu, alisema shauri litasikilizwa upya mwezi Juni, na mpaka hapo amri ni ileile.

Kwenye korido Dada Odessa alilia bila kujificha. "Nimekuponza, mwanangu."

Verlene alitaka kumkasirikia, akashindwa. Hakuna aliyewahi kumvalisha vizuri namna ile. "Umenivisha, Dada," alisema, naye akaanza kulia, kwa sababu Juni ilikuwa mbali na Pasaka ilikuwa Jumapili hiyohiyo.

Jioni alipiga simu, akaomba kuongea na Mama Eula kwanza. Akamweleza yote. Yule mama, ambaye hakuwahi kumwambia neno tamu hata moja, aliuliza jambo moja tu.

"Hiyo kofia ni rangi gani?"

"Manjano."

"Basi usiirudishe mpaka Jumapili."

Jumapili mchana, baada ya ibada, Verlene alisimama kwenye tope la ukingo wa mto, kofia kichwani. Ng'ambo ilitokea fimbo ya Mama Eula, na kando yake gauni jeupe dogo. Gauni likageuka huku na huku, kisha likanyoosha kidole. Renita alikuwa ameiona kofia.

Akasimama wima, akaanza shairi. Mto ulimeza sauti yote. Verlene akawa anayasema maneno polepole peke yake, akikisia amefika wapi, mpaka alipoona mtoto amegeuza kichwa kumtazama bibi yake. Alijua amekwama wapi.

"Jiwe!" alipiga ukelele kwa pumzi yake yote. Wavuvi waligeuka kumtazama. "Jiwe zito limeviringika!"

Hakujua kama sauti imefika. Ila ng'ambo kule Renita aliinama, akaweka viganja vyote viwili kwenye kitu kikubwa kisichokuwapo, akakisukuma kwa nguvu mpaka kikapita. Miezi yote ile ya simu, Verlene hakuwahi kujua kwamba mstari ule una mikono.