Fungu la Tano

Elieth aliipenda Dodoma wakati watu wengi walipohamishiwa huko wakilia, na hakuipenda kwa sababu ya zabibu zake wala kwa kuitwa makao makuu. Aliipenda kwa sababu ya majini.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mitumba ilipoanza kumwagwa chini sokoni na kila mwenye mashine ya kuchapia akawa mchapishaji. Ndipo vilipoanza kuja kwa basi kutoka Dar es Salaam vitabu vyembamba vya karatasi ya kijivu, vikiitwa *Bibi Afya wa Makao Makuu*. Elieth alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali, mzaliwa wa Kibakwe, mwanamke wa miaka thelathini na ushee aliyepanga chumba kimoja Mkonze. Kitabu cha kwanza alikinunua stendi akijua atakitumia kujipepea ndani ya basi. Hakujipepea hata kidogo. Alikimalizia jikoni akiwa amesimama, na ugali wa watu ukaungua.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi: serikali ilipoambiwa ihamie Dodoma, majini wa pwani nao walipewa uhamisho. Wakapanda treni bila tiketi, wakashukia stesheni, wakapanga vyumba Barabara ya Saba na mitaa ya jirani, wengine wakapata hata ajira. Walikuwa wapangaji wazuri kuliko binadamu, maana hawakupika dagaa wala hawakufungulia redio alfajiri. Mtu pekee aliyeweza kuwatambua alikuwa Bibi Afya, mkaguzi wa vyoo, mama mnene mwenye ndoo ya chokaa, asiyeogopa chochote duniani isipokuwa wakubwa wake wa kazi.

Tangu hapo Elieth hakuweza tena kupita mjini kama watu wengine. Kwenye foleni ya benki alikagua vivuli. Bosi wake alikuwa hatoki jasho hata mwezi wa kumi na moja, na Elieth alimwandikia barua zake kwa adabu iliyochanganyika na tahadhari. Mji ambao watu waliuona vumbi na upepo mtupu, yeye aliuona umejaa siri, na siri hizo zilimpa raha ambayo hakuna mchumba aliyewahi kumpa. Tusimcheke. Kuna watu wanaishi kwa kungoja mshahara, na kuna watu wanaishi kwa kungoja kitabu kijacho.

Nyumba aliyopanga ilikuwa na wapenzi wengine watatu wa Bibi Afya, wote wameambukizwa na yeye. Henry alikuwa karani wa mahakama na alipenda kuongea kama hakimu. Evodia alikuwa muuguzi. Sikudhani, Mrangi wa Kondoa, aliuza vitambaa katika duka la mjini, na mumewe alikuwa dereva wa lori asiyejulikana yuko barabara gani. Hao wanne walinunua nakala moja na kuigawana kama watu waliochanga mbuzi. Walikipasua kitabu mgongoni kwa wembe, yakatoka mafungu manne. Mwenye zamu ndiye aliyekata na kuanza kusoma. Akimaliza fungu la kwanza anampa wa pili, naye anaingia fungu linalofuata, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Msomaji wa mwisho aliyashona mafungu yote kwa sindano ya magunia na kukitunza kitabu. Sheria ilikuwa moja tu: ukiwatangulia wenzako kusoma, funga mdomo.

Zamu zilizunguka. Kitabu cha sita kilipofika, wa kukata alikuwa Sikudhani na wa mwisho alikuwa Elieth.

Kuwa wa mwisho ni mateso. Elieth alimsikia Henry akicheka peke yake nyuma ya ukuta. Alimwona Evodia akitia chumvi mara mbili kwenye mlenda, akili haipo. Fungu la mwisho lilipomfikia Jumamosi mchana alikaa nalo kizingitini, hakupika, hakuitika salamu. Bibi Afya alikuwa amefika nyumba ya mwisho ya Barabara ya Saba, ambako chokaa ilikataa kukauka. Akabisha hodi. Sauti kutoka ndani ikamwita kwa jina lake la utotoni, jina ambalo marehemu mama yake peke yake ndiye aliyelijua. Mlango ukafunguka kiasi cha kupitisha mkono.

Elieth akafunua ukurasa. Hapakuwa na ukurasa.

Vitabu vitano vya kwanza vyote viliishia na neno ITAENDELEA kwa herufi kubwa. Hiki hakikuwa nalo. Akapitisha kidole mgongoni mwa lile fungu, pale wembe ulipopita, akaona mkato umekwenda upande, karatasi zimechanika visivyo. Hiki kitabu kilikuwa na fungu la tano, alijisemea, na kuna mtu analo.

Henry na Evodia walisema wao walidhani mwandishi amechoka tu. Jibu hilo halikumridhisha; mwandishi gani anachoka mkono ukiwa mlangoni? Alimfuata Sikudhani bombani.

"Mdogo wangu, hebu niambie. Ulipokikata kile kitabu, kiliishia pale pale?"

"Kiliishia pale, dada Elieth," alisema Sikudhani, akainama haraka kuisogeza ndoo yake chini ya bomba. Ndoo ilikuwa imeshajaa, maji yakamwagikia miguuni mwao wote wawili.

Kuanzia hapo Elieth alimpeleleza Sikudhani kama Bibi Afya mwenyewe. Alimwona anatabasamu peke yake akifua. Alimwona ameduwaa mbele ya jiko, midomo inachezacheza. Mtu asiyejua mwisho hawezi kuwa na furaha namna ile, aliwaza, na wivu ukamshika.

Siku ya Alhamisi ofisi ilifungwa mapema kwa sababu ya msiba, Elieth akarudi nyumbani wakati ambao hakutarajiwa. Nyuma ya jiko alimsikia Sikudhani akimsimulia mama mkwe wake. Bi Hamida alikuwa ameletwa kutoka Kondoa kungojea kupasuliwa macho, haoni ila mwanga na giza, na siku nzima alishinda mkekani. Masimulizi yalikuwa kwa Kirangi, ambacho Elieth hakukijua, lakini jina la Bibi Afya halina tafsiri. Akanyata. Akasikia Bibi Afya, akasikia mlango, kisha akasikia posta. Posta mara ya pili. Bi Hamida akacheka mpaka akakohoa.

Elieth aliegemea ukuta. Katika vitabu vyote sita, Bibi Afya hakuwahi kukanyaga posta. Kwa hilo angeweza kula kiapo kanisani.

Kesho yake alikaa karibu na yule mama makusudi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ni wewe mwenye vitabu? Hebu niambie, wewe uliyesoma sana. Yule jini wa posta, yule akilamba stempu inawaka moto, kweli anampenda Bibi Afya, au anataka tu ile ndoo ya chokaa?"

Elieth alisema anampenda, akaondoka na hasira. Alikuwa amemwazima huyu Sikudhani kitabu cha kwanza kwa mkono wake mwenyewe! Alimfundisha kupenda, na sasa anafichwa.

Jumapili, waliokwenda kanisani waliporudi, Elieth aliwaita wote uani. Henry alikaa kwenye kigoda akakohoa kihakimu. Elieth akaeleza yote: mkato ulioenda upande, ndoo iliyomwagika, posta, stempu.

"Mtuhumiwa anasemaje?" aliuliza Henry.

Sikudhani alikuwa amepauka. "Hakuna fungu lingine," alisema. "Nilitunga."

"Ulitunga nini?"

"Hayo ya posta. Na yaliyofuata." Alisema kwa sauti ndogo, kama anayekiri wizi. "Mama alikuwa anaogopa kupasuliwa. Nikawa namsimulia Bibi Afya ili asahau. Tulipofika mlangoni hadithi ikaisha, na asubuhi yake akaniuliza, haya, akaingia? Ningemwambia nini? Nikamwingiza."

Evodia aliguna. Elieth alicheka, kicheko kisicho na furaha. Watu waliotunga vitabu walikuwa watu wa Dar es Salaam, wenye picha kwenye jalada. Muuza vitambaa wa Mkonze atunge jini anayewasha stempu kwa ulimi, tena jini mzuri kuliko wote wa vitabu sita? Hilo la mwisho ndilo lililomkera zaidi, ingawa asingelikubali.

"Haya, kama umetunga, endelea hapa mbele ya mashahidi," alisema Henry.

Sikudhani alifungua mdomo. Aliwatazama, mmoja baada ya mwingine, pamoja na majirani waliotega masikio mlangoni. Akaufunga.

Elieth hakungoja zaidi. Aliingia chumbani kwa Sikudhani bila kubisha hodi, akaliburuta sanduku lake la bati mpaka uani kwenye jua, akafungua. Yalikuwemo mambo ya mwanamke yeyote aliyeolewa mbali na kwao: doti za kanga ambazo hazijakatwa, udi kidogo ndani ya kitambaa, shati la mume, nguo ya ndani yenye kiraka. Elieth alikung'uta kanga moja moja. Alipekua mpaka chini, mpaka kwenye bati. Kuku wa jirani walikuja kuangalia.

Mkekani, Bi Hamida aligeuza uso huku na huku akifuata sauti ya bati. "Nani anafungua sanduku la mkamwana wangu?" aliuliza.

Fungu la tano halikuonekana. Mtu mwenye busara angeishia hapo, lakini shaka ikishaota kichwani hailali njaa. Ameshalipeleka Kondoa, alijiambia Elieth, na akalala na wazo hilo.

Jumatatu alipitia stendi kwa Athuman, muuza vitabu na magazeti, akamwuliza kwa hila kama ana nakala nyingine ya cha sita. Athuman alishusha pumzi.

"Hata wewe, dada? Watu wananitukana tangu mwezi uliopita. Mzigo mzima umeishia hivyo hivyo, mlangoni. Mchapaji kaachana na vitabu, sasa anauza friji za mitumba. Mwandishi naye hajulikani alipo. Usingojee cha saba, hakipo."

Alimtolea nakala aliyokuwa anafungia karanga. Nusu yake ilikuwa imekwenda, lakini ukurasa wa mwisho ulikuwepo, na mgongo haujaguswa na wembe wowote. Mlango ulifunguka kiasi cha kupitisha mkono. Baada ya hapo palikuwa na jalada.

Elieth alikaa kwenye benchi la abiria. Aibu ilimshika mpaka masikio yakawa ya moto. Aliziona zile kanga zikiwa vumbini, aliiona ile nguo yenye kiraka. Kisha, na hapa ndipo mpenzi wa vitabu anapojulikana, wazo la pili likaja juu ya aibu. Hakuna cha saba. Hakuna mchapaji, hakuna mwandishi. Mtu mmoja tu duniani ndiye aliyeingia ndani ya ile nyumba, na alikuwa Mkonze.

Alinunua kilo mbili za sukari na doti ya kanga, akaenda kuomba radhi jioni ile ile. Aliomba kweli, akilia. Sikudhani alipokea zawadi kwa mikono miwili, kama alivyolelewa.

"Yamekwisha, dada Elieth. Sina kinyongo."

Na kweli hakununa. Alisalimia kila asubuhi, aliazimisha kinu, alimwachia zamu ya bomba. Lakini hadithi nyuma ya jiko hazikusikika tena. Elieth aliwahi kurudi nyumbani mapema kwa visingizio, akanyata tena kama mwizi, asisikie kitu ila mwiko kwenye sufuria. Alipitisha wiki nzima hivyo. Alisoma upya vitabu vyote sita, na kila alipofika mlangoni alihisi kiu ambayo maji hayaondoi.

Siku moja kabla ya Bi Hamida kupelekwa hospitali kupasuliwa, Elieth alimkuta mkekani, mikono imekumbatia magoti. Sikudhani alikuwa karibu, ungo mapajani, anachambua mchele.

"Mwenye vitabu," alisema yule mama, "mkamwana wangu ananiambia hadithi imeisha. Mimi sikusikia ikiisha. Tuliwaacha posta, imeshika moto. Hebu nimalizie wewe, maana kesho wananitia kisu."

Elieth alikaa. Alikuwa amesoma kuliko mtu yeyote mtaa ule, na yule mama aliuinua uso wake na kungoja. "Basi Bibi Afya," alianza, "Bibi Afya akachukua ndoo yake." Akatafuta kinachofuata. "Akamwaga chokaa. Moto ukazimika."

"Na jini?"

"Akaondoka."

"Ndiyo hivyo tu?" aliuliza Bi Hamida, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeachwa njiani. Akajilaza, akaugeukia ukuta, na mabega yake yakaonekana madogo sana.

Elieth hakuweza kuvumilia. Alimgeukia Sikudhani, machozi yakimlenga. "Mdogo wangu, nakuomba. Si kwa ajili yangu, kwa ajili ya mama. Nani alikuwa nyuma ya ule mlango?"

Sikudhani alitoa kokoto kwenye mchele, akaitupa. Alijaribu kusema, na Elieth aliona wazi kwamba alijaribu kwa moyo wote, maana alimtazama mama mkwe wake na midomo ikacheza kama zamani. Kisha macho yake yakamwangukia Elieth, aliyeinama mbele akisikiliza, na midomo ikatulia.

"Sanduku ulilipekua lote, dada," alisema bila hasira. "Kama fungu la tano halikuwemo, basi halipo tena."