Nani Ataiwasha Pampu ya Muhuru Bay

Mwenyekiti Willis alikuwa na suti ya kijivu, viatu vya kung'aa na ujinga usio na breki. Nasema hivyo kwa heshima zote, maana yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya maji ya hapa Muhuru Bay, na mimi Kemuma ni fundi niliyetoka Suna na sanduku la spana kuja kufunga pampu yao mpya.

"Fundi, hiyo switch usiguse," aliniambia asubuhi ya ufunguzi.

"Mwenyekiti, naitest kidogo tu. Nataka kuona mota inazunguka upande gani. Waya zikipishana itazunguka kinyume, na maji haitapanda mlima."

"Ukitest umewasha. Ukiwasha umefungua. Sasa mheshimiwa atakuja kufungua nini?"

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Kwa Wajaluo wa ufuo huu mbegu haipandwi ovyo. Mkubwa wa boma hutangulia, wadogo hufuata, na jambo hilo huitwa golo. Mdogo akimpita mkubwa, ukoo mzima unaingia mashakani. Mimi Mkisii nimeishi na Wajaluo vya kutosha kuiheshimu desturi hiyo. Lakini Willis alikuwa ameitoa shambani akaja kuivika mota ya umeme, na juu yake akampa ukubwa mtu asiyewahi kulala hapa hata siku moja.

Mama Benta alicheka pale kwenye kona. Alikuwa ameketi juu ya mtungi mtupu wa plastiki, karibu na swichi, kama alivyoketi kila siku tangu nianze kazi. Nyumba ya pampu imejengwa kwenye shamba la marehemu mumewe, naye ndiye mke wa kwanza wa boma hilo.

"Kama ni golo, mkubwa hapa ni mimi," alisema. "Huyo mheshimiwa wako ni wa boma gani?"

"Mama, hii ni mambo ya serikali."

"Serikali imeoa hapa?"

Willis akajifanya ana simu ya kupokea, akatoka nje.

Nilimpenda yule mama tangu siku ya kwanza. Aliuliza kila kitu: hii ya nini, ile ya nini. Nikamwonyesha kitufe cha kijani cha kuwashia na chekundu cha kuzimia. Nikamwambia, "Mama, ukisikia inalia kama inasaga mawe, ujue ndani hakuna maji. Bonyeza nyekundu kwanza, maswali baadaye." Akarudia maneno hayo kwa Kijaluo, polepole, kama mtu anayekariri aya ya Biblia.

Alikuwa na sababu. Pampu ya kwanza ya hapa iliungua kwa kuwashwa ikiwa kavu. Kamati ikakaa vikao, ikanywa soda, ikaahirisha, ikakaa tena. Wanawake wakarudi kuteka maji ziwani. Cate, mke wa mwana mkubwa wa Mama Benta, alishuka asubuhi moja na mtungi wake, na mamba akamchukua. Mtungi ndio uliorudi, ukielea. Na wafadhili walishasema waziwazi kwamba hii ya pili ikiungua hakuna ya tatu.

Kwa hiyo nilifanya kila kitu isipokuwa kuwasha. Nilifungua vali ya bomba linalonyonya ziwani. Nikajaza maji ndani ya pampu mpaka hewa yote ikatoka. Nikafunga vali ya bomba linalopanda mlimani, nikahakikisha kifuniko cha sehemu inayozunguka kimekaza. Ndipo Willis akarudi akanitoa nje. Alitaka kupamba, na hakutaka mtu aingie tena kabla ya mgeni. Nikaenda kunawa grisi.

Mheshimiwa alifika jua likishapoteza makali. Alihutubia watu, akalisifu ziwa utadhani yeye ndiye aliyelichimba. Tulipoingia ndani, Mama Benta alikuwa ameshaurudia mtungi wake karibu na swichi, nyumba ilijaa wakubwa na simu zao za kupigia picha, na kwenye bomba la kunyonya palining'inia utepe mwekundu, fundo lake kubwa kama kilemba cha mama mkwe.

"Mheshimiwa, ingiza tai ndani ya shati," nilimwambia. "Hii mashine haijui cheo ya mtu."

Aliingiza. Willis alinikazia macho ya kunifuta kazi.

Mgeni akabonyeza kijani. Mota ikazunguka upande wake, namshukuru Mungu. Mimi nilikuwa upande wa pili, nikaanza kufungua vali ya bomba la mlimani taratibu kama inavyotakiwa. Maji niliyojaza yakatoka, na nyuma yake hayakuja mengine. Sindano ya kipimo cha presha ikaanguka ikalala. Halafu mawe yakaanza kusagika.

"Zima!" nilipiga kelele.

Nani angenisikia? Watu walidhani huo ndio mngurumo wa maendeleo. Vigelegele vilipanda, mheshimiwa akatabasamu, simu zikainuliwa. Nikajipenyeza kuelekea kwenye swichi, Willis akanishika mkono.

"Fundi, wacha aibu. Mheshimiwa bado anapigwa picha."

"Inaungua, wewe!"

"Huwezi kuzima kitu mkubwa amewasha!"

Nilikuwa nimeinua mguu wangu wenye buti la kazi, na ulikuwa unaelekea kwenye kiatu chake kinachong'aa, mashine iliponyamaza. Mama Benta alikuwa amesimama. Kidole chake kilikuwa kwenye chekundu.

"Mama! Umemzimia mheshimiwa!" Willis alisema, sauti imempasuka.

"Ililia mawe," akajibu.

Nilikata umeme kwenye swichi kuu, nikaitia kufuli, na ufunguo nikautia ndani ya sidiria. Willis alipodai ifunguliwe nikamwambia aje auchukue mwenyewe. Hakuja.

Nikagusa mwili wa pampu, kiganja hakikukaa kwa joto. Nikalegeza skrubu ya hewa, ikatoa mvuke bila tone la maji. Basi maji yalikuwa yanazuiwa njiani. Nikalifuata bomba la kunyonya kwa mkono, hatua kwa hatua, mpaka kwenye utepe. Nikaling'oa lile fundo. Chini yake mpini wa vali, ambao vali ikiwa wazi hulala sambamba na bomba, ulikuwa umekata bomba kama msalaba.

"Nani amegeuza hii?"

Willis akajikuna shingo. "Ilikuwa imelala. Nikainua kidogo tu, ndio utepe ikae vizuri."

Nilimtukana kwa Kikisii kwa kirefu. Wachache walioelewa waliangalia chini.

"Tuwashe tena basi," akasema mheshimiwa. "Nina matanga kule Rangwe."

"Haiwezekani. Kuna sili hapa inazuia maji yasivuje kwenye shafti, hii nondo inayozunguka. Imepata moto sana. Ukiimwagia maji baridi sasa, inapasuka. Tungoje ipoe."

Mheshimiwa hakungoja. Aliukata utepe nilioutupa sakafuni, akapigwa picha, akaondoka. Gari la mwisho lilikuwa na nafasi moja, na Willis akaijaza.

Tukabaki mimi, Mama Benta na wanawake wa kijiji. Tulingoja bila hotuba. Pampu ilipopoa niliigeuza shafti kwa mkono, ikazunguka, lakini hilo halikunipa usingizi. Sili iliyoungua hujionyesha ikishapata presha. Niliogopa, nasema kweli. Nilijaza maji upya, nikatoa hewa, nikahakikisha mpini umelala na bomba, nikatoa kufuli.

"Mama, njoo uwashe. Hii ni haki yako."

Alisogea. "Golo ni yangu," alisema. "Lakini leo natoa kwa jina ya Cate."

Akabonyeza kijani.

Mota ikaimba vizuri. Sindano ikapanda. Nikafungua vali kidogo kidogo, macho yangu yakiwa kwenye shafti. Tone moja likatoka. Likafuata la pili. Nilianza kusali kwa lugha zote ninazozijua. La tatu likaning'inia pale, likachelewa, na baada yake hapakutoka kitu; sili ilikuwa imeshika.

Simu yangu ikalia. Ni Lynnet, binti tuliyemtuma kulinda tanki juu mlimani, na alikuwa anapiga kelele: "Imefika! Maji imefika!"

Wanawake wakalipuka kwa vigelegele, wakatoka mbio kuelekea mlimani, wengine hata viatu wakaviacha. Mimi nikageukia ukuta nikalia kidogo, kisha nikajipangusa na kusoma sindano tena.

Mama Benta hakwenda. Alikuwa bado amesimama mbele ya swichi, kidole karibu na kile chekundu, sikio amelielekeza kwenye pampu.

"Mama, iko sawa sasa. Unaweza kutoa mkono."

"Najua, nyathina," aliniambia, yaani mwanangu kwa Kijaluo. "Wacha tu nikae hapa."

Alikaa hapo mpaka tanki likajaa, na mimi nikakaa naye.