Bendeji ya Nyumba ya Mume Wangu

Sina tabia ya kumung'unya maneno, kwa hiyo nitasema wazi: bendeji ya nyumba ya mume wangu inanuka. Si harufu, ni uvundo. Inanuka mafuta yaliyochacha, soksi zilizovaliwa mwezi mzima, na kitu kingine ambacho pua yangu imekataa kukitafutia jina. Inakaa kwenye mkebe wa biskuti juu ya kabati la mama mkwe, na wanaiita Babu, kwa sababu mguu wa kwanza kufungwa nayo ulikuwa wa babu yao. Tangu hapo imeshafunga magoti, viwiko, na jipu moja la shemeji ambalo tafadhali msinikumbushe. Haijawahi kufuliwa. Ukiifua, wanasema, unaifua pamoja na dawa yake.

Eti dawa!

Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kufunguliwa mkebe huo. Ilikuwa heshima ya kuhesabiwa mtu wa nyumba. Mke wa shemeji aliwahi kufunguliwa, akaziba pua. Hakufukuzwa, la. Mpaka leo akija anapewa kiti cha wageni, anamiminiwa chai kwenye vikombe vizuri, na hakuna anayemwambia neno la maana. Nilimwona, nikajionya.

Basi nikateguka. Mimi ni fundi wa nguo, na cherehani yangu ni ya kukanyaga. Mguu wa kulia ndio injini. Nilikuwa natoka kibandani ninaposhonea na mzigo wa mapazia hadi kidevuni, nikadhani ngazi zimekwisha, kumbe imebaki moja. Kifundo kikalia ka! Nikakaa juu ya mapazia ya watu, nikaitukana ile ngazi na fundi aliyeijenga.

Mume wangu anafundisha watu kuendesha magari, kwa hiyo hashtuki ovyo. Alinibeba hadi nyumbani, akaniinulia mguu juu ya mito miwili, akawa ananiwekea kitambaa cha maji baridi. Jioni uvimbe ukaanza kutulia. Tungeishia hapo tungekuwa watu wenye akili. Lakini mwanaume akiona mkewe anaugulia, vidole vyake vinabonyeza namba ya mama yake vyenyewe.

Kesho yake asubuhi mama mkwe akaingia na wifi yangu, mkebe kwapani. Aliufungua mezani kwangu, pale ninapokatia vitambaa vya watu. Mungu wangu! Kitu chenye rangi ya chai ya juzi. Upande mmoja kimekauka kama gamba, upande mwingine kina unyevu. Unyevu wa nini, jamani, kwenye kitu kilichofungiwa mkebeni mwaka mzima? Katikati kulikuwa na unywele mweupe umegandia. Mate yakanijaa mdomoni, yale ya kabla ya kutapika.

"Nyoosha mguu, mwanangu," mama mkwe akasema.

Mwanangu! Tangu niolewe aliniita "fundi", kama mteja aliyeleta suruali ipunguzwe. Nikameza yale mate, nikanyoosha mguu.

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni!" wifi akacheka, akajipigia makofi.

"Cheka tu wifi, zamu yako ipo," nikamjibu, huku napumua kwa mdomo.

Mama mkwe alivuta kama anayefunga mzigo juu ya basi, kuanzia vidoleni hadi kwenye muundi, akapiga fundo, akaonya kwamba hafungui mtu isipokuwa yeye. Kisha wakaondoka, wakaniachia Babu.

Sasa ishi nayo! Nzi wa mtaa mzima walipata habari. Mume wangu alilala dirisha wazi, uso ameuelekezea nje, na nilipomuuliza kama inanuka, akasema, "Si sana." Mwongo mkubwa. Chakula sikuweza kukitazama. Kila tonge lilikuwa na ladha ya ule mkebe. Nikawa najiambia, vumilia, huu ndio mlango wa kuingilia, na mficha uchi hazai.

Lakini kesho yake mchana vidole vilikuwa baridi, na rangi yake ilikuwa ya biringanya. Mume wangu akampigia mama yake. "Kufa ganzi ndiyo dawa inaingia," akajibiwa. "Nakuja jioni. Asiiguse."

Nikachomoa pini kwenye mto wangu wa pini, nikachoma kidole gumba. Sikusikia kitu. Nikachoma tena kwa nguvu, ikatoka damu nyeusi, na bado sikusikia kitu. Hapo niliogopa kweli. Heshima ya wakwe ni kitu kizuri, lakini haikanyagi cherehani.

"Nipe mkasi mkubwa," nikamwambia mume wangu.

"Mke wangu, mama..."

"Mkasi!"

Nikaupenyeza chini ya mkunjo wa juu, pale bendeji inapovuka mgongo wa mguu, nikakata. Mkasi ulinata kwa mafuta. Ikaachia pande mbili, nikaanza kubandua, mkunjo baada ya mkunjo, na kutoka tabaka la ndani kabisa ukadondoka ukucha. Haukuwa wangu.

Nikatapikia sakafuni. Halafu damu ikarudi vidoleni, na maumivu yake sitaki kuyaeleza, nilipiga ukelele. Kumbe mama mkwe hakungoja jioni; yeye na wifi walikuwa tayari mlangoni.

"Umemkata Babu!" wifi akasema.

"Nimemkata. Mama, nisamehe au usinisamehe, mimi naona kinyaa. Inanuka, inabana, ina kucha za watu! Nilikuwa napoteza mguu kwa kuona haya. Kama kuwa mtu wa nyumba hii ndiyo hivi, basi nihesabuni mgeni."

Mume wangu akawa anautazama ukuta kana kwamba umeandikwa kitu. Mama mkwe akaja, akaruka matapishi, akainama. Alibonyeza vidole vyangu kimoja kimoja, akangoja rangi irudi.

"Nilikaza mno," akasema.

Kisha akaokota vile vipande viwili, akavilinganisha juu ya paja lake.

"Unadhani mimi sioni kinyaa? Siku mama mkwe wangu aliponifunga, nilitapika nyuma ya nyumba, nikanawa uso, nikarudi nikasema asante. Sikusema kitu. Sijasema mpaka leo." Akanirushia kipande kimoja kwenye mapaja. "Hiki chako. Mguu ukipona uvipinde kingo vyote viwili, visifumuke."

"Mama!" wifi akaruka. "Hata mimi binti yako hujanigawia!"

"Wewe hujawahi kuniambia ukweli."

Nilikiinua kile kipande kwa ncha za vidole viwili. Nikasema, "Mama, mimi nitakifua. Nitakichemsha."

Wifi akashika kichwa. Mama mkwe akakunja kipande chake polepole.

"Chako fua," akasema. "Changu kiache. Nimekichukia miaka mingi mno, sasa kikifuliwa nitabaki na nini?"

Akavuta beseni la maji baridi, akaanza kunikanda kifundo, uso ameugeuzia dirishani.