Pikipiki Aliyochaguliwa Nukta

Walimwita Nukta tangu darasa la kwanza kwa sababu ya kimo chake, na jina likamganda. Sasa alikuwa na miaka ishirini na sita, na bado alikuwa Nukta kwa mama yake, kwa majirani, na kwa wenzake wa dobi ya nyumba ya wageni, alikokunja mashuka kwa miaka mitano. Kaka yake, fundi pikipiki, alilitamka jina hilo kwa mapenzi, lakini kwa sauti ya mtu anayeita kitu chake.

Alhamisi walikwenda pamoja kununua pikipiki. Hospitali kubwa ilikuwa inatafuta watu wa kuchukua sampuli za damu kwenye zahanati za pembezoni na kuzifikisha maabara, na Nukta alikuwa ameitwa. Kulikuwa na mshahara wa mwezi, bima na koti la mvua. Masharti yalikuwa mawili: uje na pikipiki yako, na ufaulu jaribio la uwanjani Jumatatu saa mbili asubuhi. Jaribio lilikuwa moja tu. Atakayeshindwa atampisha anayefuata kwenye orodha, na orodha ilijaa kurasa mbili.

Kule dobi Nukta alikuwa ameshaaga. Meneja alimtakia heri kwa midomo mikavu, na siku hiyohiyo akaweka mtu mwingine kwenye pasi. Kwa hiyo Nukta alikuwa hana pa kurudi, na akiba yote ya miaka mitano ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa kiunoni mwake.

Muuzaji wa pikipiki kuukuu walimwita Bei Moja, kwa kuwa hakuwahi kuwa nayo.

"Karibu fundi. Leo umemleta shemeji?"

"Mdogo wangu huyo. Chunga mdomo wako."

"Nimeuchunga. Karibu dada, macho hayalipiwi."

Nukta aliona moja ndogo kabla hawajamaliza kusalimiana. Ilikuwa ya cc mia moja, buluu iliyopauka, kiti kimekaa chini, tangi limebonyea kidogo ubavuni. Leseni yake ilikuwa na miezi minne, na pikipiki aliyojifunzia ilikuwa ya aina hiyo. Akaikalia. Nyayo zote mbili zikatua chini, visigino na vyote. Akaisukuma mbele kwa miguu, akairudisha nyuma, ikamtii. Alikaa tu juu yake, akatulia, kama mtu aliyefika kwake akavua viatu.

Kaka yake akaiwasha. Alikuwa na namna yake ya kupima injini, na gereji nzima iliiheshimu: huweka ncha ya bisibisi kwenye chuma cha injini, mpini kwenye sikio, kisha hufumba macho na kusikiliza.

"Inakohoa," alisema.

"Imelala wiki mbili," Bei Moja akajibu. "Hata wewe lala wiki mbili, uone kama hutaamka unakohoa."

"Hii ni ya kubebea mayai. Mdogo wangu hawezi kuendesha kitu cha kubebea mayai, na mimi kaka yake ni fundi. Watanicheka mpaka nifunge gereji."

Akaenda kwenye nyingine. Ilikuwa ya mia na hamsini, nyeusi, ndefu, kiti chake kikifika karibu na mbavu za Nukta. Bisibisi ikawekwa, macho yakafumbwa, na safari hii uso wa fundi ukalegea. Akaipanda mwenyewe, akazunguka mtaa mzima, akarudi meno nje.

"Unaisikia hiyo?"

"Naisikia."

"Hiyo ndiyo injini, Nukta. Utazeeka uiache inadunda."

Nukta akapanda. Mguu wa kushoto uligusa chini kwa vidole viwili. Wa kulia ulining'inia hewani kama soksi kwenye kamba.

"Kaka, hizo zahanati zenyewe si mbali."

"Utaizoea. Kila mtu huanza hivyo."

"Naona ni nzito."

"Nani fundi hapa?"

Swali hilo lilikuwa na jibu moja tu. "Wewe," alisema.

Bei Moja akajikuna kidevu. "Fundi, mimi zote nauza, sina ugomvi. Lakini atakayepanda ni yupi kati yenu?"

"Wewe uza."

Nukta angeweza kubisha. Lakini mikono ile iliyoshika bisibisi ndiyo iliyomlipia ada ya shule baba yao alipofariki. Ilijaa makovu ya kuungua na ekzosi, na kila kovu alilijua mwaka wake. Utaibishiaje mikono kama hiyo mbele ya watu? Akafungua kitambaa.

Ijumaa alianguka mara mbili. Hakuanguka kwenye mwendo. Kwenye mwendo alikuwa mwepesi, anakata kona hata kaka yake anapiga mluzi. Alianguka pale pa kusimama. Kwenye makutano aliteremsha mguu kutafuta lami, lami haikuwepo pale mguu ulipoitarajia, na mashine yote ikamlalia. Mafundi wa gereji hawakuchelewa. "Nukta kapanda paa," alisema mmoja. "Mleteeni ngazi," akaongeza mwingine. Nukta alicheka nao. Jioni mama yake alimpaka mafuta ya moto kwenye goti, akauliza, "Hakukuwa na nyingine?" Nukta akasema kaka anajua anachofanya.

Jumamosi kaka yake aliishusha pikipiki. Alifanya kazi hiyo bila kula, ulimi umebanwa kwenye pembe ya mdomo. Alilegeza vyuma viwili vinavyoshika gurudumu la mbele akavipandisha juu kwa upana wa vidole vinne, nyuma akaondoa springi akafunga fupi zilizotoka kwenye mashine nyingine, kisha akachonga sponji ya kiti kwa kisu cha jikoni. Adhuhuri Nukta alipanda, na nyayo zake zikagusa chini, kasoro visigino tu.

"Enhe," alisema kaka yake. Alirudi nyuma hatua mbili kuitazama kazi yake. "Sasa nani kasema haimfai?"

Iliegeshwa pale gerejini pamoja na nyingine. Sakafu ya gereji ile ilimwagwa makusudi ikiinamia mfereji, ili maji na oili viteremke vyenyewe, na mafundi walikuwa na mazoea ya kuegesha pikipiki zote zikitazama barabara, mfereji ukiwa kushoto. Nyumbani hapakuwa na nafasi. Usiku iliegemezwa kwenye ukuta wa ukumbini, kando ya ndoo. Jumapili alifanya mazoezi kutwa, na kila aliposimama kaka yake alikuwa hapo, ameishika usukani kabla yeye hajashuka.

Jumatatu walikuwa kumi na wanne. Uwanja wa hospitali ulikuwa wa zege, tambarare kama meza. Msimamizi, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, aliwapa kila mmoja kasha la baridi la kufunga kwenye kiti cha nyuma. Ndani mlikuwa na vichupa ishirini na vinne vya maji yaliyotiwa rangi nyekundu.

"Kasha zima na vilivyomo ni kilo nne," alisema. Akatazama pikipiki ya Nukta, akamtazama Nukta. "Hilo tembo lote la nini, binti?"

"Kaka ndiye..." Nukta alianza, akaishia hapo.

Zamu yake ikafika. Akapita katikati ya koni bila kuigusa hata moja. Akazunguka umbo la nane, kubwa na dogo. Akafunga breki kwenye mstari mweupe, gurudumu likasimama juu ya mstari, na mguu ukashuka ukapata zege. Nje ya uzio kaka yake alikuwa ameshika waya kwa mikono miwili. Nukta aliona mdomo wake ukicheka bila sauti. Kwa dakika hiyo moja alikuwa na kazi. Aliiona kabisa, mpaka koti la mvua.

Lilibaki jambo la mwisho, na lilikuwa dogo kuliko yote. Egesha, fungua kasha, toa kichupa namba saba, kipeleke dirishani, tia sahihi, rudi. Nukta akaisukuma chini kwa mguu stendi ya pembeni, akashuka, akafungua mfuniko wa kasha. Mfuniko ukafunguka kuelekea kulia, ukaning'inia. Akachukua kichupa, akaenda dirishani kwa hatua za haraka.

Alikuwa ameandika nusu ya jina lake aliposikia mshindo.

Pikipiki ililala ubavu wa kulia, juu ya kasha. Haikugongwa na mtu. Kaka yake aliifupisha mashine nzima, mbele na nyuma, ila stendi aliiacha na urefu wake wa kiwandani. Kwa hiyo ilipoegeshwa pale tambarare haikuinama kushoto kama inavyopasa. Ilisimama wima kama mlingoti, na uzito mdogo wa mfuniko ulioning'inia kulia ukaivuta taratibu mpaka ikaanguka. Gerejini mteremko wa sakafu uliificha kasoro hiyo siku zote.

Maji mekundu yalitambaa kwenye zege hadi kwenye viatu vya msimamizi. Naye hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Watu ishirini na watatu wamechomwa sindano bure," alisema. "Mmoja ndiye aliyefika dirishani."

Kaka yake alikuwa ameruka uzio. "Mama, kosa si lake. Mimi ndiye niliyeishusha. Nipe dakika tano, naikata stendi hapahapa, arudie."

"Wewe ndiye utakayeleta damu?"

"Hapana, lakini..."

"Basi naongea na yeye. Binti, umeendesha vizuri kuliko wote niliowaona leo. Pole sana." Akageuza ukurasa, akaita jina lililofuata.

Walirudi wakiisukuma. Kioo kilikuwa kimevunjika, na hakuna aliyetaka kupanda. Njia nzima kaka yake alizungumza: habari ya stendi, habari ya sakafu, habari ya yule mama. Walipokaribia gereji akasema, "Na wewe ungesema unaitaka ile nyingine."

"Nilisema."

"Lini?"

Kaka yake akatafuta kwenye kumbukumbu yake, na ilionekana usoni kwamba hakukuta kitu.

Mchana huo aliikata stendi kwa hasira, cheche zikiruka hadi barabarani, na hakupima mara mbili kama alivyozoea. Nukta alikwenda dobi. Yule wa kwenye pasi alikuwa mwanamke mwenye mtoto mgongoni, na Nukta alipomwona aligeuka mlangoni kabla meneja hajatokea. Kwa Bei Moja ile buluu ilikuwa imeshauzwa. "Tangu Ijumaa, dada. Mtu alikuja, akaikalia, akalipa."

Ikabidi ile nyeusi iuzwe. Mnunuzi alipatikana Alhamisi, mwanamume mrefu, naye akasema anaitaka kwa kimo chake halisi, hataki kuendesha magoti yakigusa masikio. Kaka yake akarudisha springi ndefu, akavishusha vile vyuma vya mbele, akaosha, akafuta. Injini ilinguruma vilevile, safi, bila kikohozi. Kisha akateremsha stendi na kuiachia, na pikipiki ikainama kushoto, ikazidi kuinama. Nukta akaidaka usukani.

Stendi iliyokatwa ilikuwa fupi mno kwa kimo kilichorudi.

Mnunuzi aliitazama, akaitazama sakafu, akamtazama fundi. "Na kingine ulichokata ni kipi?" aliuliza.

"Hakuna kingine. Naunga kipande sasa hivi, kaka yangu."

"Nitapita," alisema yule mtu, akaondoka kwa mwendo wa asiyepita tena.

"Ishike kidogo," kaka yake alimwambia Nukta. "Natafuta chuma."

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi na mashine ya kuungia ilikuwa kimya, lakini alienda hivyohivyo, akapekua pipa la vyuma chakavu, akitoa kimoja na kukitupa, akitoa kingine. Nukta aliikumbatia mashine kwa kiuno na mikono, vidole vya miguu vikisaga sakafu iliyoteleza oili. Ilikuwa nzito kama alivyosema.

"Unaiweza?" kaka yake aliuliza bila kugeuka.

"Naiweza."

"Usiiachie."

Hakuiachia. Alikuwa hana mahali pengine pa kwenda.