Gololi za Mbithi

Wacha niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kuamini mambo ya mizimu. Nimezaliwa Kathiani, nikabatizwa huko huko, na kwa miaka ishirini na sita nimeshona nguo barazani hapa Machakos mjini bila kuona ajabu lolote, isipokuwa wateja wanaonenepa halafu wanalaumu kitambaa. Jina langu ni Nzuki. Limeandikwa hapa kwenye jalada la kitabu changu cha vipimo, kwa kalamu nyekundu. Ni mke wangu Ndila aliyeliandika, na sababu yake nitaifikia.

Mwaka uliofuata mvua za Elinino nilipigwa na kiharusi. Nilikuwa cherehanini asubuhi, napiga pindo la suruali ya mwalimu mmoja, mkono wa kulia ukalala mezani na haukuamka. Mdomo ulienda upande kwa wiki mbili, kisha ukanyooka. Watu wa barazani wakasema Mungu amekosea, angeponya mkono akauacha mdomo.

Wacheke. Fundi cherehani bila mkono wa kulia ni nini? Na mwaka wenyewe ndio huo binti yangu Mutindi alikuwa anaolewa, Desemba. Mutindi ni mtoto wangu wa pekee. Tangu akiwa mdogo, akicheza na vipande vya vitambaa chini ya meza yangu, nilimwahidi kwamba gauni lake la harusi litatoka kwa mkono huu, si wa mtu mwingine. Ng'ambo ya barabara kuna fundi anaitwa Aloys, kijana wa juzi tu, akanijia na huruma yake: "Mzee, leta kitambaa, nitakusaidia." Nikamwambia afadhali binti yangu aolewe amevaa gunia. Nilikuwa na hasira mpaka machozi yakanitoka, naye akaondoka polepole.

Dada mmoja wa mazoezi hospitalini akanipa shauri. "Tafuta gololi mbili za chuma, zile kubwa za kujaa kiganja. Chuma kizima, si tupu ndani. Uzito ndio dawa. Uzizungushe kila siku bila kugonganisha."

Basi nikaenda kwa Kahiga, mwenye duka la vyuma karibu na soko. Kahiga ana kila kitu, isipokuwa kile unachotaka. Akanitolea gololi za baiskeli.

"Hizi ni za kuku kudonoa," nikamwambia.

Akanitolea nyingine kubwa, zile za kupamba mageti. Nikagonga kwa ukucha, zikalia. Tupu ndani. Za chuma kizima, akasema, mpaka aagize Nairobi, na huko hawauzi mbili, wanauza boksi.

"Kuna mahali ziko," akasema akijikuna kidevu. "Mumbuni, kwa yule nyanya anaitwa Syombua. Bwana yake alikuwa makanika wa magreda. Akashikwa na ugonjwa kama huo wako, akatoa gololi kwa beringi ya greda, akazungusha mpaka mkono ukarudi. Mimi nilizitaka, nizichomelee kwa geti yangu. Nyanya akanifukuza. Ati vitu vya Mbithi vinamngoja Mbithi."

"Mbithi si ndiye bwana yake?"

"Ndiye. Amekufa miaka saba. Na hawakuzaa, kwa hivyo hakuna mjukuu wa kuitwa jina lake."

Hapo sikuhitaji kuelezwa zaidi. Kwetu, mtoto akipewa jina la babu, yeye ni babu amerudi. Nyanya humwita "mume wangu," humpa kiti, humgombeza kwa makosa ambayo marehemu alifanya kabla mtoto hajazaliwa. Watu hucheka, lakini ni kicheko cha heshima. Mwanamke asiye na mjukuu wa kumwita hivyo, mume wake amekufa kabisa.

Nilijua hayo yote, na bado nilifanya nilichofanya. Nilifika Mumbuni saa nne asubuhi, jua kali, nikamkuta Susu Syombua, susu ndiyo nyanya kwetu, akichambua kunde mlangoni. Mwanamke mfupi, mpana wa nyonga, bega la kushoto limeshuka kuliko la kulia. Akaniuliza, "Wewe ni nani?"

"Mbithi," nikasema.

Lilitoka lenyewe. Nilikuwa nimelifikiria njiani kama hila ya kumlainisha, unajua namna tunavyofanya sokoni, unajifanya mtu wa ukoo ili bei ishuke. Njia ya mwongo ni fupi, husema wazee. Yangu ilikuwa fupi kweli, hatua nne kutoka kwa uzio mpaka mlangoni.

Hakuniuliza Mbithi wa wapi wala wa nani. Aliweka ungo chini. "Umekawia," akasema, akaingia ndani. Akatoka na mkebe wa mafuta ya kupikia, ndani kitambaa chenye grisi, na ndani ya kitambaa gololi mbili, kila moja kubwa kama pera, zinang'aa kama zimefutwa asubuhi hiyo. Nikaingiza mkono wa kushoto mfukoni kutoa pesa.

"Mtu hununua vitu vyake?" akaniuliza.

Nilirudi mjini nikicheka peke yangu. Haki ya Mungu, nilijiona mjanja.

Wiki ya kwanza nilikuwa naziweka kiganjani kwa mkono wa kushoto, zinaanguka, naokota. Kitu kimoja tu kilinisumbua. Nilizilaza dirishani kila jioni, na huku kwetu mwezi wa saba asubuhi ni baridi ya kuuma meno. Lakini nikizishika alfajiri zilikuwa na joto, kama zimetoka mkononi mwa mtu sasa hivi. Nikamwambia Ndila. Akasema ni jua. Jua gani, saa kumi na mbili?

Wiki ya tatu kidole cha shahada kiliinuka. Wiki ya sita gololi zilizunguka, taratibu, bila kugongana. Nililia barazani mbele ya watu, na Aloys akavuka barabara kunipongeza. Nikamsamehe kidogo.

Kisha Jumapili moja, kanisani. Sisi ni Waprotestanti tangu babu yangu. Mchungaji alipomaliza kuomba, mkono wangu ukapanda wenyewe, paji la uso, kifua, bega hili, bega lile. Ishara ya msalaba! Mchungaji akanitazama, Ndila akanitazama, mzee mwenzangu wa kanisa akakohoa. Nikasema ni mshtuko wa neva.

"Neva za Kikatoliki?" Ndila akaniuliza tukienda nyumbani.

Tulicheka. Lakini mkono haukuacha. Ukigusa kikombe cha chai, ulikigonga mezani mara tatu kabla ya kukiinua. Ukipita kwenye gari lililosimama, ulipapasa boneti. Mimi sijawahi kumiliki hata pikipiki. Nilianza kuutazama mkono wangu nikila, kama unavyomtazama mgeni anayekaa sana bila kusema ataondoka lini.

Ningezirudisha gololi? Ndiyo, ningezirudisha. Lakini siku nilizoziacha kabatini, vidole vilianza kukunjamana kufikia jioni. Na Desemba ilikuwa inakuja.

Kitambaa cha gauni tulikinunua Novemba, cheupe, kizito, cha kuanguka vizuri. Nilimpima Mutindi mwenyewe, nikaandika vipimo kitabuni. Siku ya kukata, mkono ulishika makasi ukaenda kama maji. Katika maisha yangu yote sijawahi kukata vile, bila chaki, bila kusita. Nilishona siku tisa, na sikumruhusu Mutindi kulijaribu hata mara moja, kwa sababu mkono ulikuwa unajua. Jamani, nilikuwa na furaha.

Jumatano, siku tatu kabla ya harusi, Mutindi akalivaa. Alitoka chumbani akiwa amelishika kiunoni kwa mikono miwili.

"Baba," akasema, "hii gauni ni ya nani?"

Mutindi ni mrefu, mwembamba. Gauni lilimfika chini kidogo ya magoti. Nyongani lilikuwa limejaa upepo. Na bega la kushoto lilikuwa chini kuliko la kulia, inchi mbili kamili. Nikafungua kitabu. Vipimo vya Mutindi vilikuwa pale, sawasawa. Nikapima gauni, na hakuna namba hata moja iliyokubaliana na kitabu. Ndila akakaa kitandani. Mutindi hakulia, alisema tu, "Ni sawa, Baba, ulikuwa mgonjwa," na hilo liliniumiza kuliko kilio.

Mimi nilijua mwili ule. Nilikuwa nimeuona mara moja tu, mlangoni, ukichambua kunde. Lakini mkono ulikuwa umeuona miaka mingi.

Nikakunja gauni kwenye mfuko, gololi nikazitia mfukoni mwa koti, nikaenda Mumbuni na hasira zangu zote. Nilikuwa nimepanga maneno makali. Susu Syombua akanikuta uani, akachukua mfuko mikononi mwangu kabla sijafungua mdomo, akaingia ndani.

Alitoka amelivaa. Lilimkaa kama alizaliwa nalo. Bega limeshuka pale linaposhuka, pindo limegusa viatu vyake vya raba.

"Uliniambia padre atatufungisha baada ya mavuno," akasema. "Nikangoja. Kila mwaka mavuno, kila mwaka greda imeharibika mahali. Mpaka ukafa." Hakuwa na hasira. Alipangusa kifua cha gauni kwa kiganja.

"Susu," nikasema, "mimi…"

"Ngoja." Akanivutia kiti. "Niko mzee, lakini si mjinga. Kama wewe siye, weka gololi hapo kwa kiti, uende na amani, sitakulaumu. Kama ndiye, taja jina lako, nisikie."

Nikatoa gololi. Niliinama kuziweka kitini, kweli nilitaka kuziweka. Zilipogusa ubao tu, kidole changu kidogo kikakunjika, kikafuata kingine, na baridi ikapanda mpaka kwenye kiwiko. Nikamwona Mutindi amesimama na gauni lisilo lake. Jumamosi. Siku tatu tu, nikajiambia. Nipe siku tatu.

"Mbithi," nikasema. Safari hii sikupunguza bei ya kitu.

Joto likarudi. Mkono ukaziokota gololi, kisha ukainuka, ukalala polepole juu ya lile bega lake lililoshuka. Si mimi niliyeuweka. Susu akafumba macho. Tulisimama hivyo muda mrefu, nami niliona aibu, kama mtu aliyechungulia chumba cha wenyewe.

"Haya," akasema mwishowe. "Nenda kazini."

Nikameza kiburi, nikaomba kitambaa kwa Aloys, akanipa bila swali. Nilishona Alhamisi na Ijumaa. Gauni lilitoka zuri, na Mutindi lilimkaa barabara, nyonga, kiuno, mabega mawili sawa. Alinikumbatia. Nikasema moyoni, imekwisha.

Jumamosi kanisa lilijaa. Mchungaji akasema, "Sasa baba ya bibi harusi, Mzee Nzuki, asimame amtoe binti yake."

Watu wakageuka kuelekea benchi yetu. Nikageuka nyuma kama wengine, kumtafuta. Mchungaji akaliita tena jina hilo. Haki ya Mungu, nilianza kumkasirikia huyo mzee. Binti wa watu amesimama pale mbele na gauni zuri vile, na babake yuko wapi? Amelewa? Ndila alikuwa ananivuta koti, nami nikamwambia anyamaze tumsikilize mchungaji.

Mutindi akashuka mwenyewe mpaka benchi yetu. Akasema, "Baba," akaushika mkono wangu wa kulia.

Mkono haukumshika. Ulijitoa vidoleni mwake kwa upole, kama unavyofanya ukishikwa na mtoto usiyemjua, ukarudi mfukoni kwenye gololi zake.

Ndiyo maana Ndila ameliandika jina langu hapa kwenye jalada. Kila asubuhi ananiletea kitabu na chai, nagonga kikombe mara tatu, kisha nasoma.